Uzamili wa mipango miji: kinachosomwa hasa, na mahali wanafunzi wanapokwama

Anayeomba kusoma uzamili wa mipango miji mara nyingi hupiga picha ya meza kubwa, karatasi pana na kalamu za rangi. Kuchora kupo, ila ni sehemu ndogo. Kazi kubwa ya shahada hii ni kujua, kabla ya mengine yote, eneo unalolizungumzia linaanzia wapi, linaishia wapi na ni nani mwenye mamlaka nalo. Ukikosea hapo, makadirio yako ya watu yatakuwa mabovu, ramani zako hazitakaa juu ya ardhi yenyewe, na tasnifu yako itaitaka ofisi fulani ichukue hatua ambayo kisheria si yake. Tutatumia mifano ya Tanzania, hasa Dar es Salaam, na kugusa Kenya panapofanana.

Kuingia

Tanzania, sharti la jumla la kujiunga na uzamili ni shahada ya kwanza yenye wastani wa 2.7 au zaidi. Aliye chini ya hapo kwa kawaida hupitia stashahada ya uzamili kwanza. Chuo kinachojulikana zaidi kwa fani hii ni Chuo Kikuu Ardhi, jirani na Mlimani, Dar es Salaam. Kilikuwa Chuo cha Ardhi tangu miaka ya 1970, kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, na kikasimama chenyewe mwaka 2007.

Darasa la uzamili huwa mchanganyiko: waliosoma mipango miji tangu shahada ya kwanza, wanajiografia, wasanifu majengo, wahandisi, wachumi, wanasheria, maofisa maendeleo ya jamii. Kila mmoja huja na upofu wake. Mhandisi huona barabara na asiuone ugomvi wa mipaka ya viwanja. Mwanajiografia hutengeneza ramani nzuri isiyo na bei hata moja. Ofisa maendeleo ya jamii anajua kuitisha mkutano wa mtaa lakini hesabu za ujazo humtoa jasho. Aliyesoma mipango miji tangu mwanzo ndiye hasa wa kuangaliwa, kwa sababu anadhani anajua.

Mwenye miezi miwili kabla ya masomo aitumie kwa mambo mawili: asome sheria zenyewe (si vitini vinavyozieleza), na ajifunze QGIS, programu ya bure ya kutengeneza na kuchambua ramani. Masomo yakianza muda huo haupatikani tena. Krediti moja katika mfumo wa vyuo vya Tanzania ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Somo la krediti 12 basi ni saa 120, na nyingi ya hizo ziko nje ya darasa.

Sheria: nani anapanga nini

Mwaka 2007 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria tatu zinazokwenda pamoja: Sheria ya Mipangomiji Na. 8, Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6, na Sheria ya Usajili wa Wataalamu wa Mipangomiji Na. 7. Msingi wake ni Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999. Mwanafunzi asiyezitofautisha hizi tano ataandika kurasa mia moja kuhusu "sera ya ardhi" bila kugusa jambo lolote linaloweza kutekelezwa.

Kwa ufupi, halmashauri ndiyo mamlaka ya upangaji katika eneo lake. Waziri ndiye anayetangaza eneo kuwa la mipangomiji. Mpango kabambe unaonyesha mwelekeo wa mji mzima kwa miaka mingi, na chini yake huja michoro ya kina inayoonyesha kiwanja kwa kiwanja. Mchoro ukishaidhinishwa, mpimaji ndipo anapoweka mawe, ramani ya upimaji inaidhinishwa, kisha hati inaandaliwa. Hizo ni hatua tatu za watu tofauti: mpanga mji, mpimaji na ofisa ardhi. Tasnifu nyingi huzivuruga, zikalaumu "mipango miji" kwa hati iliyochelewa ilhali mchoro uliidhinishwa zamani na kilichokwama ni upimaji au malipo.

Tatizo huwa gumu zaidi pembezoni mwa mji, ambako kijiji kinamezwa taratibu. Kijiji kina halmashauri ya kijiji, mkutano mkuu na mamlaka juu ya ardhi chini ya Sheria Na. 5, mwananchi anaweza kupata hatimiliki ya kimila. Siku kijiji kinapogeuka kuwa mitaa, vyombo hivyo havipo tena, na mwenyekiti wa mtaa hana madaraka ya kugawa ardhi uliyokuwa nayo mkutano wa kijiji. Lakini watu ni walewale, na mara nyingi karatasi za mauziano bado zinagongwa muhuri pale pale. Ukifanya utafiti katika eneo la namna hiyo, swali la kwanza ni tarehe: lilibadilika lini? Nyaraka za kabla na za baada ya tarehe hiyo hazina uzito sawa, hata zikifanana kwa sura.

Haya ni ya Bara. Ardhi si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria na mamlaka zake, na anayeandika kuhusu Ng'ambo au Mji Mkongwe aziweke kando namba zote zilizotajwa hapo juu. Kenya nako upangaji ni kazi ya kaunti tangu Katiba ya 2010, na sheria kuu ni ile ya Mipango ya Maeneo na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Mwaka huohuo Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ilirekebishwa: jiji sasa linahitaji watu wasiopungua 250,000, manispaa 50,000, mji 10,000. Idadi ya watu huko si takwimu ya kupamba utangulizi. Ndiyo inayoamua eneo litakuwa na bodi au halitakuwa nayo.

Nadharia tutaipita haraka, ingawa wahadhiri hawataipita. Utasoma jinsi Dar es Salaam ilivyogawanywa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini kwa kisingizio cha viwango vya ujenzi, na jinsi Mnazi Mmoja ilivyoachwa wazi kutenganisha Kariakoo na mji wa kati. Utasoma pia mipango kabambe ya 1949, 1968 na 1979. Isome kwa swali moja: kila mpango ulitarajia watu wangapi, na walikuja wangapi?

Hesabu ya watu

Swali hilo linatupeleka kwenye zoezi ambalo karibu kila mwanafunzi hupewa, na ambalo wengi hulifanya kimashine: kadiria idadi ya watu miaka kumi ijayo.

Chukua sensa za Mkoa wa Dar es Salaam. Mwaka 2002 watu walikuwa takriban milioni 2.49. Mwaka 2012 walikuwa milioni 4.36. Kasi ya ukuaji ni logi asilia (kitufe cha ln kwenye kikokotoo) ya mwisho gawanya kwa mwanzo, kisha gawanya kwa miaka: inakuja takriban asilimia 5.6 kwa mwaka. Jifanye uko mwaka 2012 na tumia kasi hiyohiyo mbele miaka kumi. Utapata zaidi ya watu milioni 7.6 mwaka 2022. Sensa ya 2022 ilihesabu milioni 5.38. Kasi halisi ilikuwa takriban asilimia 2.1.

Tofauti ni zaidi ya watu milioni 2.2. Ukichukua watu 4 kwa kaya, ni zaidi ya kaya laki tano na nusu ambazo ungezipangia viwanja, shule na mabomba mahali ambapo hazipo.

Je, mji uliacha kukua? Hapa ndipo mwanafunzi makini hutengana na yule wa kimashine. Tazama mkoa wa jirani. Pwani ilikuwa na watu takriban milioni 1.1 mwaka 2012. Mwaka 2022 ilikuwa na milioni 2.02. Hiyo ni kasi ya zaidi ya asilimia 6. Anayeishi Vikindu, Mapinga au Kibaha na kuamka alfajiri kuwahi daladala ya kwenda mjini ni mtu wa Dar es Salaam kwa kila hali ila kwa mujibu wa sensa. Mji haukusimama, ulivuka mpaka wa mkoa. Nairobi ina sura ileile: Ruiru iko Kiambu, Kitengela iko Kajiado, Mlolongo iko Machakos.

Kuna mtego mwingine ndani ya mkoa wenyewe. Kinondoni ilikuwa na watu takriban milioni 1.78 mwaka 2012, na takriban 980,000 mwaka 2022. Anayeweka namba hizo mbili kwenye jedwali atahitimisha kwamba watu wameikimbia Kinondoni. Hawakukimbia, Ubungo ilikatwa ikawa wilaya yake, na mwaka 2022 ilikuwa na takriban milioni 1.09. Vivyo hivyo Kigamboni ilitoka Temeke. Kabla ya kulinganisha sensa mbili, linganisha kwanza orodha ya kata: ipi ilihamishwa, ipi iligawanywa. Jumlisha upya kwa mipaka ya sasa, au ya zamani, lakini isiwe mchanganyiko. Kazi hiyo huchukua siku mbili au tatu na haina utukufu wowote. Ndiyo inayoamua kama sura ya nne ya tasnifu ina maana.

Studio na bajeti ya ardhi

Studio ni somo linalokula usiku. Kundi la watu watano hadi wanane hupewa mtaa au eneo tupu na kutakiwa kurudi na mpango. Makosa huanza kwenye bajeti ya ardhi, yaani kugawa hekta kabla ya kuchora mstari wowote.

Tuseme eneo ni hekta 50. Anayeanza hugawa mita za mraba 500,000 kwa kiwanja cha mita 400 na kupata viwanja 1,250. Hajaacha barabara wala shule. Akikumbuka, anaacha asilimia 40 kwa barabara, huduma na maeneo ya wazi. Zinabaki hekta 30, sawa na viwanja 750. Amefurahi mapema. Katikati ya eneo unapita mto kwa urefu wa mita 700, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kila upande ziachwe. Mita 120 mara 700 ni hekta 8.4 zimeondoka, hata bila kuhesabu upana wa mto wenyewe. Zinabaki 41.6, toa tena asilimia 40, zinabaki karibu hekta 25, sawa na viwanja 624. Kati ya ndoto ya kwanza na ukweli, nusu ya viwanja imetoweka, na bado mteremko na maji ya mvua havijaguswa.

Katika mtaa uliokwisha kujengwa hesabu hugeuka. Huko hutoi asilimia, unaomba mita. Kupanua njia ya mita 2 iwe ya mita 6 maana yake ni baraza la fulani, choo cha fulani, mwembe wa fulani. Urasimishaji (kuyapanga, kuyapima na kuyapa hati makazi yaliyojengwa bila mpango) hufaulu au hukwama kwenye mazungumzo ya mita hizo, na mchoro mzuri wa studio usiosema nani anapoteza nini hauna thamani. Wekeni jedwali: namba ya nyumba, mita zinazokatwa, kilichopo juu yake, aliyekubali na asiyekubali. Wakaguzi hulipenda, na wana haki.

Ramani zinazohama mita 300

Kosa moja la kiufundi linarudiwa kila mwaka. Ramani nyingi za zamani na michoro mingi ya mipangomiji Tanzania iko kwenye mfumo wa koodineti wa Arc 1960. Simu yako, picha za setilaiti na OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyo mtandaoni, ziko kwenye WGS 84. Ukiiambia programu kwamba mchoro wa Arc 1960 ni WGS 84, haitapiga kelele. Itauweka karibu mita 300 pembeni. Katika mtaa uliobanana, mita 300 ni mtaa mwingine.

Dawa ni kusoma pembezoni mwa ramani kabla ya kuipakia. Dar es Salaam, Morogoro na Arusha ziko kanda ya 37 Kusini ya UTM, mfumo unaoigawa dunia kwa kanda: msimbo wa kuchagua kwenye programu (EPSG) ni 21037 kwa Arc 1960 na 32737 kwa WGS 84. Dodoma na Mwanza ziko kanda ya 36, kwa sababu mpaka wa kanda ni nyuzi 36 mashariki: 21036 na 32736. Ukishapakia, tafuta vitu vitatu visivyohama, kama makutano ya barabara, kanisa au msikiti wa zamani, uone kama vinaoana na picha ya setilaiti. Kitu kimoja hakitoshi, maana ramani inaweza kulingana pale ikapinda kwingine.

Kwa Dar es Salaam kuna hazina ya bure: mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015, ambamo wanafunzi wa vyuo, wakiwemo wa Ardhi, pamoja na wakazi walichora mitaa, mifereji na majengo na kuyaweka OpenStreetMap. Ni msingi mzuri wa kazi ya uwanjani, ila angalia tarehe ya kila kipande kabla ya kukiamini.

Tasnifu

"Changamoto za makazi holela Tanzania" si mada ya uzamili. Haina mahali, haina kipindi, na jibu lake linajulikana kabla ya kuanza. Mada inayofaa huuliza jambo moja lisiloeleweka: kwa nini wakazi wa mtaa fulani walilipia upimaji lakini hawakwenda kuchukua hati? Hapo una watu wa kuhoji, nyaraka za kukagua, na jibu ambalo hata msimamizi wako halijui.

Kisha sampuli. Wengi hutumia fomula ya Yamane: gawanya idadi yote kwa moja jumlisha idadi hiyo mara mraba wa kosa linalovumilika. Mtaa wa kaya 2,400, kosa la asilimia 5, unadai kaya 343. Kosa la asilimia 10 linadai 96. Mahojiano ya dakika 40 humruhusu mtafiti msaidizi mmoja kaya 8 kwa siku, kwa hiyo 343 ni siku 11 kwa wasaidizi wanne, na 96 ni siku 3. Usikimbilie 96 kwa sababu ya nauli na posho. Ukitaka kulinganisha wamiliki, wapangaji na wafanyabiashara, 96 inagawanyika kuwa 32 kwa kila kundi, na hapo tofauti ndogo hazionekani. Na kama swali lako ni la "kwa nini", mahojiano 25 marefu yaliyochaguliwa kwa makini yatakufaa kuliko dodoso 343 za vema na kosa.

Lililo baya zaidi kuliko ukubwa wa sampuli ni kipimo chake. Nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na korido katikati inaweza kuwa na kaya nne au tano. Ukichagua nyumba kwenye picha ya setilaiti, ukabisha hodi na kumhoji anayetoka, mara nyingi utakuwa umemhoji mwenye nyumba. Wapangaji, ambao huenda ni wengi kuliko wamiliki, hawamo. Matokeo yatasema wakazi wanaunga mkono urasimishaji, kumbe ni wenye hati tarajiwa tu. Mpangaji anaogopa kodi kupanda. Orodhesha kaya zote za nyumba iliyochaguliwa kwanza, kisha chagua moja kwa bahati nasibu.

Vibali vina ngazi zake. Barua ya chuo huenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilayani au kwa mkurugenzi wa halmashauri, kisha kwa mtendaji wa kata, kisha mtaani. Mtaani kuna watu wawili: mtendaji, ambaye ni mwajiriwa, na mwenyekiti, ambaye amechaguliwa. Barua hupokelewa na wa kwanza. Milango hufunguliwa na wa pili pamoja na wajumbe wake. Tenga mwezi mmoja kwa ngazi zote, na usiupange uwanja katikati ya masika isipokuwa mafuriko yenyewe ndiyo mada. Kenya kibali cha utafiti hutolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu; Tanzania mtafiti wa kigeni hupitia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia.

Kusoma nje, na usajili

Uingereza uzamili huchukua mwaka mmoja, Marekani miwili. Huko angalia kama programu inatambuliwa na RTPI (chama cha wataalamu wa mipango miji cha Uingereza) au PAB (bodi ya ithibati ya programu za mipango miji ya Marekani), hasa ukitaka kubaki na kufanya kazi huko. Programu ya SPRING ya Chuo Kikuu cha Ufundi cha Dortmund, Ujerumani, ilijengwa kwa njia tofauti: mwaka wa kwanza Dortmund, wa pili kwenye chuo mshirika, na Chuo Kikuu Ardhi kimekuwa mshirika kwa miaka mingi. Ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanataaluma, kwa programu za aina hii kwa kawaida hutaka uzoefu wa kazi wa miaka miwili na shahada ya kwanza isiyozidi miaka sita. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, nayo hutaka uzoefu wa miaka miwili, na urudi nyumbani kwa miaka miwili baada ya masomo. Anayemaliza shahada ya kwanza leo asipoteze mwaka kuomba fedha hizi. Atafute kazi kwanza, hata ya kujitolea yenye barua inayotaja saa alizofanya.

Mwisho, shahada na usajili ni vitu viwili. Tanzania, anayetaka kuitwa mtaalamu wa mipangomiji na kutia saini mipango husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wataalamu wa Mipangomiji chini ya Sheria Na. 7 ya 2007, na bodi hutazama sifa za elimu pamoja na uzoefu wa kazi. Kwa aliyesoma jiografia au uchumi shahada ya kwanza, swali la kuiuliza bodi kwa maandishi, kabla ya kulipa ada ya muhula wa kwanza, ni kama uzamili anaouombea utahesabiwa peke yake au shahada zote mbili zitatazamwa. Jibu la ofisi ya udahili ya chuo halitoshi, kwa kuwa chuo si chombo kinachosajili.